Mpaka Rangi wa Jukwaa la Ng'ambo

Mtu mwenyewe walimwita Brashi, na mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana madoa ya rangi kwenye kucha ambayo hayakutoka hata siku za harusi, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: hakuweza kukaa ndani ya chumba bila kukagua kuta. Ukimkaribisha chai, aliinywa huku macho yake yako kwenye pembe ya dari, na kabla kikombe hakijaisha angekuuliza nani alikupakia rangi ile. Ukimtaja, alitikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba umemtajia marehemu. Kwa yote hayo hakuwa mtu mbaya, na wengi tuliomcheka hatukuwa na ufundi hata nusu ya wake.

Aliajiriwa na idara ya majengo ya mji, ile inayopaka rangi shule, zahanati, kingo za barabara na, kwa nadra, uwanja wa michezo. Nyumba yake ilikuwa katika mtaa mfupi uliopinda, nyumba zinatazamana, vibaraza vimekaribiana kiasi kwamba ukipiga chafya kwako jirani anakupa pole akiwa kwake. Kibarazani kwake mkewe alisuka nywele. Msusi huyo alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mteja alikuja na nywele timtim akaondoka na kichwa kilichopangwa pamoja na habari zote za mtaa. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, na binti huyo alikuwa mkimbiaji.

Alikimbia mita mia nane, yaani mizunguko miwili ya uwanja, na mtaa mzima ulimwita Kengele. Mzunguko wa kwanza alikimbia kama mtu aliyetumwa dukani asiyetaka kwenda. Lakini ikilia ile kengele ya mzunguko wa mwisho, wee, msichana alibadilika. Aliwafuata wenzake mmoja mmoja, akawapita wote kwenye kona ya mwisho, na watu wakasimama wakipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mwenyewe alisema kwamba si miguu iliyokuwa ikimpeleka. "Baba, wakisimama vile, nasikia kama kuna mtu amenishika mkono ananivuta."

Shida ni kwamba watu waliacha kusimama, kwa sababu waliacha kuja. Tuseme ukweli: riadha katika mji ule ilikuwa imegeuka kama mazishi ya mtu usiyemjua vizuri, ukipita unatoa pole lakini hukai. Mpira wa miguu ulijaza uwanja mpaka watu wakaning'inia kwenye ua. Riadha ikija, walibaki makocha, wazazi na muuza maji, na muuza maji mwenyewe alikuwa akisinzia. Kwenye mashindano ya taifa ya mwaka uliopita kengele ililia, Kengele akainua kichwa kutazama jukwaa la ng'ambo, lile refu la upande wa pili, akaona saruji tupu. Akasikia pumzi zake. Akasikia viatu vyake. Nguvu zikamwishia palepale, akamaliza wa mwisho, na ule muda uliotakiwa ili aende kwenye mashindano makubwa ya dunia akaukosa. Msichana aliyekuwa akiimba bafuni tangu utotoni, sasa akawa anaoga kimya. Brashi alikuwa akipita nje ya mlango ule wa bafu na moyo wake unamuuma, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi zikaja habari. Kocha, mzee mfupi aliyening'iniza filimbi shingoni hata akienda sokoni, alifika nyumbani pale akihema. Mji wao ulikuwa umeomba kuandaa mashindano hayo makubwa, na sasa umebaki na mpinzani mmoja tu, mji wa nchi jirani ambao majukwaa yake hujaa hata kwenye mbio za magunia.

"Na nchi mwenyeji," Kocha alisema akimtazama Kengele, "hupewa nafasi ya mtu mmoja kwa kila mbio, hata kama muda wake haukutosha. Kwa mita mia nane, mtu huyo ni wewe. Hakuna mwingine. Wakituchagua, unakimbia na dunia inakuona. Wasipotuchagua, mwanangu, nisikudanganye, mpaka mashindano mengine yaje utakuwa unawasimulia watoto."

Msusi alisimama na uzi mkononi. "Na hao wanaochagua wanaangalia nini?"

"Hoteli wanaangalia, barabara wanaangalia. Lakini zaidi watu, shemeji. Wanataka kuona viti vina watu."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mji ule ukaanza kujitembeza. Maua yakapandwa mahali ambapo hata nyasi zilikuwa zimeshindwa. Saruji ya jukwaa la ng'ambo ikafungwa viti vya plastiki, vyote vyeupe, vyote vimepauka kabla ya kukaliwa. Ndipo Injinia wa mji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini iliyokulazimu kunyamaza ili umsikie, akamwita Brashi akamweleza kazi. Viti vile vipakwe rangi mchanganyiko, nyekundu, kijani, bluu, njano, kahawia, vingine viachwe vyeupe, bila mpangilio wowote. Ukivitazama kutoka jukwaa kuu, au kwenye kamera, viti vitupu vya rangi mchanganyiko huonekana kama watu waliokaa.

"Hata viwanja vikubwa wanafanya hivyo," alisema. "Ila jicho la mtu ni jepesi kuona mistari. Ukiweka mpangilio hata kidogo, watajua ni viti."

Brashi aliona ni kazi ya mtoto. Akapaka sehemu ya kwanza kwa furaha, akipiga mluzi. Injinia akamwita jukwaa kuu, akamwonyesha, na Brashi mwenyewe akaona: mkeka. Mistari ya mshazari kutoka juu mpaka chini. Mkono una mazoea yake, kila baada ya nyekundu ulikuwa ukienda kwenye bluu bila kumwuliza mwenye mkono. Akarudia akiwa amefumba macho wakati wa kuchagua kopo. Mistari ikageuka upande tu.

Akakaa kwenye ngazi akatafuna mkate wake akiwaza. Kwa nini watu wakikaa hawafanyi mistari? Kwa sababu kila mmoja alivaa nguo yake bila kumwuliza jirani yake. Kumbe dawa ilikuwa hiyo. Asipake viti, apake watu.

Akamweka Fundi cherehani kwanza, na shati lake la kahawia, safu ya chini kabisa juani, maana Fundi alipenda kuona kitu kwa karibu. Akamweka Mwalimu mstaafu na shati jeupe, kisha akaacha nafasi ya kutosha kabla ya kumweka muuza mkaa, kwa sababu hao wawili hawakuivana tangu muuza mkaa alipomkosoa Mwalimu hesabu mbele za watu. Wachumba akawaweka juu pembeni, wasionekane vizuri. Akamaliza mtaa wake, akaingia mtaa wa pili, akaingia soko, zahanati, mafundi wenzake, kila mtu na nguo aliyozoea kumwona nayo. Marehemu hakuwagusa. Alikuwa na heshima zake, na pia aliogopa. Mkewe akamweka wa mwisho, kiti cha ukingoni kwenye kona ya mwisho ya mbio, mahali ambapo mama wa mkimbiaji angetaka kukaa. Rangi ya kitambaa chake cha kichwa haikuwamo kwenye makopo, kwa hiyo alichanganya nyekundu na bluu taratibu mpaka ikatoka zambarau yenyewe.

Na kosa lake, kama tutaliita kosa, lilikuwa la adabu. Kila alipomaliza kiti alisema, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri, "Karibu ukae, jirani." Alisema hivyo kwa kila kiti, mpaka cha mwisho. "Karibu ukae, mama watoto."

Injinia alitazama kutoka jukwaa kuu, akavua miwani. "Umenishinda, mzee," alisema. "Nimetafuta kiti hapo, sikioni."

Jioni hiyo mlinzi wa uwanja, jitu lenye mwili wa kubeba magunia na moyo wa kuku, alimkuta Brashi getini akikusanya makopo. "Niambie ukweli, Brashi. Umewapitisha wapi wale?"

"Wapi?"

"Wale wa ng'ambo. Nimewapigia kelele, uwanja umefungwa, tokeni!"

Brashi akacheka mpaka akashika mbavu. "Ni viti, bwana. Rangi tu."

"Najua ni viti, nimeshakwenda kuvishika," mlinzi alisema, wala hakucheka. "Ila nilipopiga kelele, walinyamaza. Kabla ya hapo walikuwa wanaongea."

Brashi alimwambia akalale mapema. Lakini kesho yake asubuhi alipita kwa Fundi cherehani kushonewa kifungo, akamkuta anajipaka mafuta shingoni. Shingo ilikuwa imebabuka, ngozi inatoka. Fundi yule hakutoka kibandani kwake tangu jua lichomoze mpaka lizame, kila mtu alijua hilo, mkewe hata alimtania kwamba ameoa cherehani.

"Jua la jana halikuwa na adabu," Fundi alisema.

"Jua gani, na wewe ulikuwa ndani?"

"Si kule uwanjani! Ile safu ya chini haina kivuli hata kidogo. Wamerusha mkuki vizuri, lakini zile mbio za viunzi sikuzipenda." Akakata uzi kwa meno. "Wewe ulikaa wapi? Sikukuona."

Brashi alichukua shati lake akaondoka bila kungoja kifungo. Barabarani Mwalimu mstaafu akamsimamisha, akalalamika kwamba muuza mkaa amekaa karibu naye mno na anaongea wakati watu wanatazama. Brashi alimwacha anaendelea kulalamika. Alikwenda nyumbani akamkuta mkewe anasuka na kuchonga maneno kama kawaida, akashusha pumzi, na akajiambia kwamba mji mzima umeingiwa na wazimu wa mashindano, basi.

Wakaguzi walikuja Jumamosi kutazama mashindano ya majaribio. Kiingilio kilikuwa bure, magari ya matangazo yalikuwa yamezunguka wiki nzima mpaka watoto wakakariri tangazo. Asubuhi Brashi alipita mlango kwa mlango kuwahimiza majirani, kwa maana siku kama ile ndiyo ya kuuonyesha mji. Kila mlango ulimjibu kwa upole ule ule. "Ah, tumeshakwenda, jirani." Hakuna aliyeinuka. Mkewe peke yake alisema atakuja nyuma, ana kichwa cha mteja mkononi, na hakuja.

Uwanjani walikuwa wachache mno, wote wamejazwa jukwaa kuu karibu na wageni. Ng'ambo kulikuwa na viti. Brashi alivikazia macho muda wote. Vilikuwa viti, na upepo ukapita juu yake bila kutikisa kitu. Mita mia nane zikaanza, Kengele akajikokota mzunguko wa kwanza kama kawaida yake, kengele ikalia. Brashi alifumba macho asione aibu ya mwanawe mara ya pili. Alipofumbua, msichana alikuwa ameshawapita wanne na anaikata kona ya mwisho kifua mbele. Alishinda kwa mbali. Alimjia baba yake analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Baba, uliwasikia? Walisimama wote! Mtaa mzima ulikuwa kule!"

Brashi hakusikia kitu ila viatu. Alimkumbatia binti yake. Nyuma yake mmoja wa wakaguzi, mzee mpole mwenye kofia, alikuwa akimpongeza Injinia kupitia mkalimani. Alisema umati ule wa ng'ambo amependezwa nao sana, hasa walivyoinuka kwa pamoja, na akauliza walifundishwa na nani kukaa tena kimya vile. Wakakubaliana kwamba Jumatatu, siku tisa baadaye, watarudi na kamera kupiga picha za mwisho, na ikiwa jukwaa litaonekana kama leo, mashindano yamekuja.

Kocha alipuliza filimbi yake kwa furaha mpaka akakohoa. Brashi akatangulia nyumbani.

Alipokata kona ya mtaa wake, akasimama. Watu wote walikuwa vibarazani. Wamekaa, mikono magotini, hawaongei. Fundi, Mwalimu, muuza mkaa, wazee, vijana. Wote walikuwa wakigeuza vichwa, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa pamoja, kisha wakatulia, kisha taratibu kutoka kulia kurudi kushoto. Barabarani hapakuwa na kitu cha kutazama. Brashi alipita katikati yao akitoa salamu, na hakuna jicho lililomgusa. Mtoto mchanga alikuwa analia kwenye mapaja ya mama yake, na mama alikuwa akitazama mbio.

Jumamosi ile hali hiyo ilidumu muda wa kuchemsha maji tu, wakaamka, wakaendelea na mambo yao kama vile hapakuwa na lolote. Lakini siku zilizofuata iliwajia kila siku na kuwakalia zaidi. Mkate uliungua kwa mwokaji. Cherehani ya Fundi ilizunguka bila kitambaa. Muuza mkaa alisimama na gunia begani nusu ya asubuhi. Wakiamka walisimuliana waliyoyaona, kurusha kisahani, kuruka juu, mbio za kupokezana vijiti, na walisimulia mashindano makubwa yenyewe, yale ambayo hayajafanyika, na bendera za nchi nyingi. "Bado mita mia nane za wanawake," walisema. "Hizo ni Jumapili."

Na Brashi alikaa kimya. Hapa simtetei. Alijua ni viti vyake, alijua ni kule kuwakaribisha kwake, na alinyamaza kwa sababu binti yake alikuwa ameanza kuimba tena bafuni. Alijiambia watu hawaumwi, wametazama michezo tu, nani alikufa kwa kutazama michezo? Alihesabu Jumatatu kuwa karibu. Tena mkewe alikuwa mzima, anasuka, anaongea, anamcheka. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na ya majirani hayakumlemea pia, mpaka yalipoingia kwake.

Jumapili adhuhuri alisikia kibarazani kumenyamaza. Akatoka. Dada wa duka la dawa alikuwa amekaa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu timtim, macho yamemtoka. Nyuma yake msusi alikuwa amesimama, mikono hewani, uzi unaning'inia, anautazama ukuta wa jirani.

"Baba Kengele," yule dada alinong'ona, "yuko hivi tangu asubuhi. Naogopa kunyanyuka."

"Mama watoto," Brashi aliita.

"Subiri," mkewe alisema bila kugeuka. "Wanajipanga."

Kengele alitokea uani na ndoo ya maji, akasimama mlangoni. Mama yake alianza kugeuza kichwa, kushoto kwenda kulia, polepole mno, polepole kuliko mtu yeyote anavyokimbia, kana kwamba mbio zile zingekwisha jioni.

"Mbio zimeanza," msusi alisema, na uso wake ukang'aa. "Yupo mmoja nyuma kabisa, anakwenda kama ametumwa dukani. Lakini miguu hiyo! Huyu akiamua, atawatoa jasho. Msichana wa nani huyu?"

"Mama," Kengele alisema, "ni mimi."

"Nyamaza dada," mama yake akamjibu, kwa adabu, kama unavyomwambia mtu wa kiti cha mbele. "Unanizibia."

Ndoo ilianguka. Brashi alimshika binti yake mkono akamwingiza ndani, na pale pale chumbani, chini ya dari aliyoipaka mwenyewe, alimwambia yote: shati la Fundi, rangi ya zambarau, karibu ukae. Alimwambia pia kwamba kesho kamera zinakuja, na kwamba jukwaa likibadilika leo, hakuna mashindano, na yeye hana nafasi. Hakumficha kitu. Alipomaliza alilia, mtu mzima na madoa yake ya rangi kwenye kucha.

Kengele alimtazama baba yake. "Kwa hiyo nimo," alisema. "Nimo kwenye fainali."

"Umo, mwanangu."

"Na mama hanijui."

Kengele alisimama akafungua kabati, akatoa ovaroli ya zamani ya baba yake akaivaa.

Mlinzi aliwafungulia geti na yeye mwenyewe akabaki nje. Walichukua mashine ya kupulizia rangi na rangi ya kijivu, ile ya kingo za barabara, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyingi. Brashi alishika bomba, Kengele akavuta mpira. Jukwaa lilikuwa na joto. Hapo kivuli kilikuwa kimeshafika, lakini kila kiti alichogusa Brashi kilikuwa na vuguvugu la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Akaanza na safu ya chini. Hakupaka kimya, alikuwa amewakaribisha kwa mdomo wake, akawaaga kwa mdomo wake. "Fundi, nenda nyumbani, nguo za watu zinakungoja. Mwalimu, asante kwa kuja. Nenda salama. Na wewe wa mkaa, nenda." Kila kijivu kilipokauka, minong'ono ilipungua, na hapo ndipo Brashi alipojua kwamba minong'ono ilikuwapo muda wote na yeye alikuwa ameizoea akidhani ni upepo.

Walimaliza safu zote. Kikabaki kiti cha ukingoni, cha zambarau, mbele ya kona ya mwisho.

Brashi alishusha bomba. "Tungoje kidogo," alisema. "Tungoje amalize kutazama. Tujue tu."

Kengele alitazama kona chini yao, njia nyekundu iliyopinda kwenda kwenye mstari wa mwisho. Alitaka kungoja, tusidanganyane. Alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote maishani.

"Zikiisha hizi zitaanza nyingine," alisema mwishoni. "Atabaki huku. Mwambie aende nyumbani, baba."

Brashi akapaka. "Nenda nyumbani, mama watoto," alisema.

Mashindano yalikwenda kwa wenzetu wa nchi jirani, nisikufiche. Wakaguzi walikuja Jumatatu na kamera zao, wakaona jukwaa refu la kijivu, wakaaga kwa adabu kubwa. Injinia alimwita Brashi akamwuliza kwa nini, na Brashi akasema hawezi kueleza, na Injinia, kwa sababu zake mwenyewe, hakumwuliza tena. Kocha alikaa siku nyingi bila kupita mtaa ule.

Lakini jioni ile ya Jumapili, baba na binti walirudi na kijivu mpaka kwenye kope. Mtaa ulikuwa na kelele. Fundi anagombana na mteja, Mwalimu na muuza mkaa wanagombana wao kwa wao, mtoto ananyonya. Kibarazani dada wa duka la dawa alikuwa akijitazama kwenye kioo, kichwa kizima kimesukwa, na msusi amekaa kwenye kigoda, amechoka, anakanda vidole vyake. Akainua macho akamwona binti yake na ovaroli ile kubwa. Alimtazama sana.

"Ni wewe," alisema. "Mwanangu, ni wewe uliyekuwa mbele. Uliwapita wote kwenye kona, hakuna aliyekugusa. Mimi nimekaa pale nakusifu na sikukujua."

Kengele alipiga magoti mbele yake. "Nikafika wa ngapi, mama?"

Mama yake akamshika uso kwa mikono miwili, akaufuta rangi kwa vidole gumba, na machozi yakaanza kumtoka.

"Sikuona," alisema. "Baba yako aliniita."